Lalamiko Alilolifunga Opereta

Alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, ya kufukuza kuku jikoni na kuuliza ni nani amechukua ndoo, na hiyo ilikuwa kali, ungeisikia ukiwa barabarani. Ya pili ilikuwa ya simu. Akishika simu tu, mgongo unanyooka, kidevu kinapanda, inatoka sauti laini ya taratibu, kila neno limepigwa pasi. Wageni walioketi kwake wakiisikia kwa mara ya kwanza waligeuka kuangalia ni nani ameingia.

Sisi tulimwita Opereta. Kazi yake ya zamani ilikuwa kuunganisha simu za watu, enzi zile ambapo ukitaka kuongea na mtu wa mbali unamwomba opereta kwanza, naye anachomeka waya kwenye ubao wenye mashimo. Mashine zilikuja, kazi ikaisha, akarudi kwenye nyumba yake ya vyumba vitatu hapa Kibomet, Kitale, na kipande cha mahindi nyuma ya nyumba. Jina lake ninalijua. Sitalitaja, kwa sababu mtaani hakuna aliyelitumia, na kwa sababu sidhani nina ruhusa.

Mimi ni Wafula. Ninauza gesi, mitungi ya kilo sita na ya kilo kumi na tatu, kwenye kizimba cha vyuma mkabala na duka la mnunuzi wa mahindi. Nilimjua Opereta miaka kumi na moja, na mimi ndiye niliyemharibia jina. Nasema mapema ili usije ukanipenda bure.

Kabla yake, watu wa Kibomet tulikuwa tunalalamika kwa kelele. Stima ikipotea, mtu anaipigia kampuni, anamtukana aliyepokea, simu inakatwa, halafu anatoka nje kuwaambia majirani, "Nimewapa! Leo wamenisikia!" Wamekusikia wapi? Giza liko palepale. Gesi ikiisha mapema, mama anakuja dukani kwangu mikono kiunoni, tunarushiana maneno mpaka wapita njia wanasimama, kisha anaondoka bila jibu na mimi nabaki bila mteja. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na tulijiona wajanja.

Opereta aliyatengeneza hayo bila kutangaza chochote. Alianza na jirani mmoja ambaye mita yake ilikuwa inakataa tokeni za stima. Akapiga simu mbele yake. Jambo la kwanza aliuliza jina la aliyepokea. La pili akamsalimia kwa jina hilo, akamuuliza kama huko kwao mvua imenyesha. Ndipo akasoma nambari ya mita, polepole, tatu tatu, akaomba nambari ya lalamiko, akaiandika kwenye daftari. Siku iliyofuata fundi alikuja. Habari ikaenea, na kuanzia hapo kila mtu mwenye shida ya stima au gesi alipitia kwake.

"Ukilalamika na hasira," alikuwa akituambia, "wanaandika hasira yako. Shida yako hawaandiki."

Na jingine: "Shida yenye haina nambari ni porojo."

Kusubiri kwenye laini hakukumsumbua hata kidogo. Wakimwekea ule muziki wa kusubiri, anaweka simu mezani kwa spika, anavuta ungo, anachambua maharagwe. Muziki unalia wee, unakatika, unaanza tena. Siku moja nilimkuta amemaliza gorogoro nzima, ule mkebe wa kilo mbili, na bado hajajibiwa. Nikamwambia, "Mayi, si uachane na hawa watu bana." Mayi ni mama kwa Kibukusu, nilimwita hivyo kwa sababu wote wawili kwetu ni Bungoma. Hakuinua hata macho. "Hao wanangoja nichoke," akasema. "Mimi nimelipwa miaka mingi nisichoke."

Ucheshi wake ulikuwa wa chini chini, ukizubaa unakupita. Kulikuwa na seremala mmoja mtaani aliyekuwa akinunua tokeni kila wiki na bado analala gizani. Alikuwa amefikia kusema ni uchawi. Opereta alikwenda kwake mchana, akaomba nyumba zote za ploti ile zizime swichi kubwa moja moja, yeye amesimama nje anaangalia mita kwenye nguzo. Kumbe mafundi walipofunga nyaya walipishanisha: mita ya seremala ilikuwa inalisha nyumba ya jirani. Na jirani huyo, ambaye hakuwa amenunua tokeni tangu ahamie, alikuwa ameshasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Bwana amemwashia stima bila malipo. Opereta alipiga simu, nyaya zikarekebishwa. Yule jirani akaja kwake akiwa na aibu, akauliza sasa afanye nini. Opereta akamwambia, "Rudi Jumapili ukatoe ushuhuda ingine." Hakumdai kitu kingine.

Halafu kuna ile ya transfoma. Ilikufa wiki ya Krismasi, mtaa mzima giza, na kila tukipiga tunaambiwa mafundi wako njiani. Siku ya kwanza njiani, siku ya tatu njiani. Siku ya nne Opereta akauliza kwa ile sauti yake ya pasi, "Dada yangu, wako njia gani? Nataka nitume watu wawapokee, wasipotee." Yule dada akababaika, akataja barabara kuu. Basi Opereta alituma watu wawili kweli, wakakae njia panda na chupa ya chai, na kila saa alipiga tena kusema, "Watu wangu bado wako hapo na chai. Inapoa." Jioni hiyo gari la mafundi likaja. Wakanywa chai ile, wakala na mandazi, na aliyekuwa amepika mandazi hayo ni Mama Chebet.

Mama Chebet ndiye mtu mwingine wa habari hii. Alikuwa ametoka Cheptais, huko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akapanga chumba kimoja Kibomet na binti yake, akafungua kibanda cha chai na mandazi. Alikuwa mkimya, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa mgeni. Siku za mafundi wale ndizo siku ambazo mtaa ulianza kumjua. Alifanya kazi kwa gesi, mtungi wa kilo kumi na tatu, na aliununua kwangu.

Opereta alikuwa amejaa mambo yasiyopatana. Alijua kila kitu kuhusu gesi na hakuwa na gesi. Alipikia kuni nyuma ya nyumba, macho yakitoka machozi, na ukimuuliza anasema hataki kulala nyumba moja na kitu ambacho hakionekani. Na stima yake mwenyewe! Taa ya sebuleni kwake ilikuwa ikipepesa mwaka mzima. Alikuwa amepiga simu za watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini yake hakupiga. Nilipomkemea alisema, "Nikianza kujilalamikia mimi, watasema Opereta anajitafutia. Halafu siku yenye nitapigia mtu, hawatanisikiza." Nilimwona mjinga kidogo, Mungu anisamehe. Sikujua kwamba jina ni kitu mtu anaweza kukilinda namna ile.

Kila Jumamosi saa tisa alifungua daftari lake barazani. Watu walikuja, wengine kwa haja na wengine kwa umbea. Alisoma lalamiko, jina la aliyelileta, jibu lililotoka, kisha anamtazama mwenye lalamiko na kumuuliza, "Umeridhika?" Mtu huyo peke yake ndiye aliyejibu. Mumewe hakuruhusiwa kumjibia, wala jirani, wala mchungaji. Akisema ameridhika, Opereta anaandika "Imefungwa." Akisema hajaridhika, ukurasa unabaki wazi, na Jumatatu simu zinaanza upya. Kuna ukurasa wa mzee mmoja ulikaa wazi miezi minane kwa sababu ya nguzo iliyoinama, mpaka ikanyooshwa.

Kwa upande wa gesi alikuwa na utaratibu wake, na huo aliufundisha kwa wanawake wote wa mtaa. Mtungi mtupu una uzito wake, umechapwa pale kwenye chuma cha juu karibu na mahali pa kushika. Pima mtungi uliojaa, toa uzito huo, kinachobaki ndicho gesi uliyonunua. Mizani ya kubeba mtungi mtaani ilikuwa moja tu, ya mnunuzi wa mahindi. Na sasa, mtu yeyote wa Kitale atakuambia kuhusu mizani ya wanunuzi wa mahindi. Tumelima, tumebeba magunia, tumeona sindano ikisimama kabla ya mahali inapopaswa kusimama. Opereta mwenyewe aliwahi kupunjwa na mizani hiyohiyo, na alilizungumza jambo hilo kwa uchungu kila mavuno. Kwa hiyo alikuwa na kanuni. Kabla hujapima mtungi, unaweka bale ya unga. Bale ni pakiti kumi na mbili za kilo mbili, kila mtu anajua ni kilo ishirini na nne. Mizani ikisoma ishirini na nne, iamini. Ikisoma chini, ongeza kilichopungua.

Alinijia dukani siku ya kwanza aliyoanza kufundisha hivyo, akaniuliza kama nitakasirika. Nikacheka, nikamwambia, "Mayi, wapime mpaka wachoke. Yangu ni safi." Na ilikuwa safi. Siku hizo ilikuwa safi kabisa.

Alinipenda, na sijui kwa nini nimechelewa kulisema. Alinipenda waziwazi. Tuliongea Kibukusu barazani kwake, nilimchotea maji bomba likikauka, kwenye harusi yangu aliketi mahali pa mama kwa sababu mama yangu alikuwa ameshatangulia. Watu walijua. Aliponiita "mwana wange", yaani mwanangu, mbele ya wateja, niliona jinsi walivyoniamini zaidi, na nikakifurahia kitu hicho. Nilikifurahia kuliko ilivyofaa.

Basi ukaja mwezi ambao gesi ilichelewa. Depo wananiambia kesho, kesho yenyewe haifiki, kizimba kimebaki na mitungi mitupu, wateja wanaanza kwenda kwa wengine. Jamaa mmoja akanipigia, ati ana mitungi iliyojaa, iko nyuma ya nyumba fulani upande wa pili wa mji. Nilijua maana yake. Kila muuza gesi anajua maana yake: mtu anahamisha gesi kutoka mtungi hadi mtungi kwa mpira, anabana kifuniko kipya cha plastiki shingoni, anauza. Ni hatari na ni wizi. Nikaenda. Nilipoinua mtungi wa kwanza kwenye bega nikajua umepungua, maana mtu aliyebeba mitungi miaka yote hiyo hahitaji mizani. Nikaupakia hata hivyo. Nikapakia na mingine.

Mmoja nilimuuzia Mama Chebet. Mtungi uliokuwa ukimpeleka wiki tatu uliisha siku ya kumi na mbili. Hakunijia na mikono kiunoni. Alinunua mwingine kimya, akambebesha mtu wa mkokoteni, akaupeleka moja kwa moja kwenye mizani ya mahindi kabla hajaufungua. Ulikuwa umepungua karibu kilo nne. Akaenda kwa Opereta.

Opereta alikuja kwangu na daftari. Nakumbuka alisimama nje ya kizimba, hakukaa kwenye kiti nilichomtolea.

"Wafula. Mama Chebet anasema mtungi wako umepunguka kilo nne."

Kulikuwa na wakati hapo, mfupi tu, ambapo ningesema. Ningesema Mayi, nimekosa, niliishiwa nikaenda kwa watu wabaya, nitamrudishia. Angenigombeza mpaka mtaa usikie, na ingekuwa imeisha. Badala yake mdomo ukapata njia yake.

"Alipima wapi?"

"Pale," akasema, akaonyesha kwa kidevu duka la mahindi.

"Aii, Mayi!" Nikacheka. Haki ya nani, nilicheka. "Hiyo mizani? Si ndio hiyo ilikula magunia yako? Sasa imekuwa malaika juu ya gesi yangu?"

Nikaona uso wake ukilegea. Alitaka kuamini, na mimi nilikuwa nimempa kitu cha kuamini ambacho kilikuwa kinamuuma tayari. Akatikisa kichwa, akacheka pia. "Huyo mtu wa mahindi," akasema, "hata kaburi lake atalipunja." Akafunga daftari. Hakuuliza habari ya bale ya unga. Yeye aliyeifundisha mtaa mzima, siku hiyo hakuiuliza, kwa sababu aliyekuwa akijibu nilikuwa mimi.

Jumamosi ilifika. Nilikwenda barazani, nikakaa mbele. Opereta akasoma lalamiko la Mama Chebet, akasoma jibu: mizani haikuwa ya kuaminika, muuzaji anajulikana, ni mtoto wa nyumbani. Watu wakaguna kukubali, wengine wakacheka habari ya mizani. Kisha akamuuliza, "Umeridhika?"

Mama Chebet alisimama. Alikuwa na unga kwenye viganja, ametoka kibandani hivyohivyo. "Sijaridhika," akasema. "Mimi niliweka bale kwanza, vile ulitufundisha. Ilisoma ishirini na nne. Muulize huyu hapa kama gesi yake ilikuwa sawa. Nataka aseme mwenyewe."

Wote wakanitazama. Nikasema, "Mama, mimi sijui ulipima unga gani." Watu wakacheka tena. Kicheko kile nakisikia hata sasa ninapoandika.

Opereta akashika kalamu, akaandika "Imefungwa." Mwenye lalamiko alikuwa amesimama mbele yake akisema hajaridhika, naye akaandika hivyo. Sijawahi kumwona akiandika vile kabla wala baada. Mama Chebet akaangalia daftari, akaniangalia mimi, akashuka ngazi za baraza.

Jumatatu mchana, mnunuzi wa mahindi alipokwenda kula, nilivuka barabara na bale ya unga begani. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka uongo wangu uwe na ukweli kidogo ndani yake, nipate usingizi. Nikaiweka juu ya mizani. Sindano ikapanda, ikasimama kwenye ishirini na nne kamili. Yule mtu tuliyemtukana miaka yote, mwaka huo mizani yake ilikuwa sawa. Nikabeba unga wangu nikarudi, na sikumwambia mtu yeyote.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye nguo za Opereta. Mama Chebet alianza kuitwa mama wa kusingizia. Vijana wa bodaboda wakinywa chai kwake walimtania, "Mama, leo mandazi umepima na mizani gani?" Akaacha gesi akapikia makaa, wateja wakapungua, na kabla ya muhula mpya wa shule kufunguliwa alikuwa ameshafunga kibanda na kurudi Cheptais na binti yake. Alipita dukani kwangu akiwa na mizigo. Nilijifanya nahesabu mitungi.

Lakini mtaa si mjinga. Wengine pia walikuwa wamenunua mitungi ile, na gesi yao iliisha mapema, ila walinyamaza kwa sababu lalamiko lilishafungwa. Maneno yakaanza pembeni: Opereta ana watu wake. Opereta ni Mbukusu, Wafula ni Mbukusu, yule mama wa mlimani angeshinda vipi? Hakuna aliyemwambia usoni. Waliacha tu kwenda. Jumamosi watu kumi, Jumamosi watu watatu, kisha Jumamosi moja nilipita saa tisa nikamkuta amekaa barazani peke yake, daftari limefunguliwa magotini. Akaniita nije nikae. Nikamwambia nina mzigo wa kupokea. Sikuwa na mzigo wowote.

Tulirudi kulalamika kwa kelele. Siku hizi stima ikipotea Kibomet utasikia matusi kutoka kila dirisha, na ni mimi niliyeyarudisha.

Miguu yake ilianza kuvimba. Ndugu yake akamchukua akamrudisha nyumbani Lugulu, upande wa Bungoma, karibu na hospitali ya misheni, ili awe karibu na matibabu. Mimi nilirudi kununua gesi safi depo, nikawa mwaminifu kuliko wauzaji wote wa Kitale, jambo ambalo halikumsaidia mtu aliyekuwa ameshaondoka. Miaka miwili ilipita. Kila mara nilisema mwezi ujao nitakwenda kumwona. Ndipo mpwa wake akanipigia akasema, kama unataka kumwona, njoo sasa.

Nilimkuta mchana, ameketi kitandani ameegemea mito, dirisha limefunguliwa. Alikuwa amekonda mno, lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Niliweka mezani sukari, majani chai na mkate. Tukasalimiana, mulembe, mulembe. Aliniuliza habari ya mke wangu, ya watoto, ya ile nguzo iliyokuwa imeinama. Nikamjibu yote. Kisha hapakuwa na kitu kingine cha kusema isipokuwa kile kilichonipeleka.

"Mayi," nikasema, "ile gesi ya Mama Chebet ilikuwa imepunguka. Nilijua. Nilijua kabla sijamuuzia."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Na mizani?" akauliza.

"Ilikuwa sawa. Niliipima mwenyewe na bale. Jumatatu yake."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikaogopa. Alipoyafumbua hakunitazama, alitazama mikono yake. "Yule mama aliniambia," akasema. "Alisimama mbele yangu akaniambia ameweka bale. Na mimi nikaandika."

"Nisamehe, Mayi."

"Mimi?" Akacheka kidogo, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Umekosea ofisi, mwana wange. Si mimi nililalamika."

Akaomba simu yake iliyokuwa kwenye dirisha. Nilidhani anataka kuangalia saa. Akabonyeza nambari moja moja, bila kusoma popote, akaweka sikioni.

"Mama Chebet, habari ya huko Cheptais? Ni Opereta. Nimekuwa mgonjwa, lakini leo niko. Sikiza. Lile lalamiko lako nililifunga vibaya, na wewe ulikuwa umesema hujaridhika. Nimekosa. Leo nimelifungua. Niko na mtu hapa, ako na neno lako." Akaninyooshea simu.

Nikaipokea. "Mama Chebet, ni Wafula. Wa gesi."

"Nasikia."

"Nataka kusema... ile gesi. Haikuwa shida ya mizani."

Nilisikia vikombe nyuma yake, na watu wakiongea. "Ngoja," akasema. Hakuwa na hasira. "Niko hotelini kwangu, kuna watu wameketi. Wawili ni wa huko Kibomet, wamekuja soko. Nakuweka spika. Anza na jina lako, useme vizuri, wasikie vile walisikia siku ile." Nikamsikia akiwaambia, "Nyamazeni kidogo." Vikombe vikanyamaza.

Ilikuwa haki yake. Nilijua pale pale kwamba ilikuwa haki yake, wala hakuomba zaidi ya kile nilichomnyang'anya. Nilifungua mdomo. Nikaliona duka langu, nikamwona mke wangu sokoni, nikawaona watu wale wawili wakishuka Kibomet jioni na habari yangu mdomoni kabla mimi sijafika. Opereta alikuwa akinitazama. Kidole gumba changu kikabonyeza, simu ikakatika.

"Network imepotea," nikasema.

Alinyoosha mkono, nikampa simu. Akakiangalia kioo chake, kisha akanirudishia simu.

"Piga tena."

"Nitampigia nikifika nyumbani, Mayi. Hapa network ni mbaya."

"Sawa," akasema. Akageuza uso upande wa dirisha. Mpwa wake akaleta chai, nikainywa yote, nikaaga.

Nilifika Kitale kabla jua halijazama. Simu yangu ilikuwa na chaji, na network ilikuwa imejaa. Opereta alizikwa mwezi uliofuata. Mpaka leo sijapiga.